Kabla Hujaita Lobedi

Simu nyingi zinazoingia ofisini kwetu Miritini, Mombasa, huanza na jibu. "Dada, nina eskaveta bandarini, nitafutie lobedi." Mteja hajasema eskaveta, ile mashine ya kuchimbia, ina uzani gani, inapelekwa wapi, wala njia ya mwisho kufika huko ikoje. Trela ameshalichagua: lobedi, lile la sakafu ya chini. Ni sawa na mtu aingiaye kwa fundi cherehani akataja mita za kitambaa kabla ya kupimwa kifua. Kwa miaka kumi na mitatu kazi yangu imekuwa kumrudisha mteja huyo hatua mbili nyuma: tuanze na mzigo wenyewe, kisha njia, na trela lije mwisho.

Nayaandika haya kwa sababu naona makosa yaleyale yakirudi, na makosa ya kazi hii hayaishii kwenye daftari. Yakitokea kuna dereva aliyelala chini ya chuma, kuna waya uliokatika barabarani, na kuna abiria wa Changamwe waliokaa ndani ya matatu saa tatu nzima kwenye jua.

Kimo ndicho kila mtu hukifikiria kwanza, na ni haki. Trela la kawaida, lile bapa tunaloliita flatibedi, sakafu yake iko karibu mita moja na nusu kutoka ardhini. Eskaveta ya Komatsu PC200, mashine ninayoisafirisha kuliko nyingine yoyote, ikikunjwa mkono kwa safari ina kimo cha mita 3 na uzani wa kama tani 20. Jumlisha upate mita 4.5. Kontena la haikyubu, lile la futi 9 na inchi 6, lina mita 2.9. Likiwa juu ya trela lake linafika karibu mita 4.4, na njia kuu ya Nairobi imeshalizoea. Kwa hiyo eskaveta juu ya flatibedi inalizidi kontena hilo kwa sentimita kumi tu. Sentimita kumi hazisikiki kama kitu mpaka ufike Magongo, waya wa simu umelegea kati ya nguzo mbili, na nyuma yako kuna foleni ya malori yasiyoweza kurudi nyuma.

Lobedi ya kawaida hapa kwetu ina sakafu ya sentimita 90 hadi 100 hivi. Mashine ileile inashuka hadi mita 4 au karibu na hapo. Umejipatia nusu mita ya hewa juu ya kichwa, na kuna faida nyingine ambayo wateja hawaiulizii kabisa ingawa mimi naipenda zaidi: uzito wote umeshuka. Manahodha wa Bandari ya Kale wangeielewa bila kuhesabu. Jahazi likiwa tupu hutiwa farumi tumboni, mawe au mchanga, lisije likapinduliwa na upepo wa ubavuni. Lori nalo likikata kona husukumwa ubavuni, na kusimama kwake hutegemea upana wa magurudumu ukilinganisha na kimo cha kitovu cha uzito. Kushusha mashine ya tani 20 kwa nusu mita ni kulitilia lori farumi yake. Kwenye kona za Mazeras kwenda Kaloleni, dereva anaisikia tofauti hiyo mikononi.

Sasa upande wa pili, ambao nilijifunza vibaya.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa mashine ya kusaga kokoto, ndefu kwenda juu, itoke bandarini iende machimbo ya mawe ndani ya barabara ya Kaloleni. Nilitafuta lobedi iliyo chini kuliko zote nilizoweza kuzipata. Nilipima kimo cha mzigo mara tatu. Nilimtuma kijana kwa bodaboda akague nyaya mpaka lango la machimbo, akarudi na orodha safi. Dereva alikuwa mzee ambaye yadi nzima tulimwita Baba. Aliitazama lobedi ile kwa muda mrefu, akaniuliza, "Na chini, mwanangu?" Nikamjibu chini hakuna shida, ni barabara ya lori.

Tulipoiacha lami tukaingia njia ya morami. Kiasi cha kilomita moja mbele njia inapanda juu ya kalvati, yaani mfereji uliojengewa chini ya njia, kisha inashuka ghafla. Kichwa, lile lori la mbele linalovuta, kilivuka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado hayajafika. Katikati, tumbo la lobedi likakaa juu ya mgongo wa kalvati kama ngalawa iliyoachwa na maji yakupwapo. Matairi ya kichwa yakaanza kuzunguka yakirusha mawe bila kusogea hata kidogo. Baba alizima injini, akashuka, akalala kifudifudi na kupima kwa kiganja nafasi iliyokuwa chini ya fremu karibu na magurudumu. "Shibiri moja na nusu," akasema. "Na hili tuta ni shibiri mbili."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kreni ilitoka Changamwe ikafika baada ya alasiri. Njia ile ndiyo pekee ya kijiji, na watu walipita pembeni mwa lobedi yangu wakiwa na ndoo za maji kichwani, mmoja wao mama mjamzito aliyeshuka kwenye bodaboda akavuka kwa miguu. Yeye ndiye simsahau. Hakuniambia neno. Niliketi ndani ya gari nikalia, maana swali nililoulizwa asubuhi lilikuwa na jibu, na jibu lake lilihitaji mtu ainame tu.

Tangu siku hiyo nina kamba. Ni njia ya Baba, na siijui nyingine iliyo bora kwa gharama hiyo. Pima kutoka magurudumu ya nyuma ya kichwa hadi ekseli za lobedi. Tuseme mita 9. Kata kamba ya urefu huo. Watu wawili waishike ikiwa imekazwa, kila mmoja kwa kimo cha tumbo la lobedi kutoka ardhini, wapite nayo juu ya kila tuta, kalvati na kivuko cha reli. Kamba ikigusa udongo katikati, lobedi itagusa. Kumbuka tu kupima tumbo lobedi ikiwa imebeba, kwa kuwa springi hukaa na fremu yenyewe hupinda kidogo. Mimi huondoa sentimita tano nikipima ikiwa tupu. Na kadiri lobedi inavyokuwa ndefu, ndivyo tuta lilelile linavyoingia zaidi katikati yake, kwa hiyo lobedi ndefu yenye tumbo la sentimita 40 inaweza kukwama mahali ambapo fupi yenye sentimita 40 hizohizo imepita.

Watu wa Mombasa tuna somo jingine la tumbo ambalo bara hawalijui: feri. Kabla barabara ya Dongo Kundu haijaunganisha ng'ambo, mashine ya kwenda Kwale ilivukia Likoni au ilizunguka mbali mno. Bahari yetu wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakijaa, mteremko wa kuingia feri ni mdogo. Yakipwa, unakuwa mkali, na pale mteremko unapokutana na mlango wa feri ndipo lobedi inaposugua tumbo au mkia. Tulikuwa tukipanga safari kwa jedwali la maji, tukimpigia mteja simu kumwambia mashine yake itavuka wiki ijayo kwa sababu wiki hii mwezi ni mpevu. Wengine walidhani ni visingizio vya madereva. Dongo Kundu imetuondolea hesabu hiyo, nami naishukuru kila nikipita juu ya daraja la Mwache.

Kuna jambo la tatu ambalo sakafu ya chini huja nalo, nalo ni matairi. Sakafu haishuki bila magurudumu kuwa madogo. Lobedi nyingi huvaa tairi za 235/75R17.5, ambazo zina kipenyo cha karibu sentimita 80. Tairi ya 315/80R22.5 ya trela la kawaida ina sentimita 107 hivi. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 480. Tairi kubwa itazunguka kama mara 142,000. Ile ndogo itazunguka kama mara 192,000, ikiwa imebeba uzito mkubwa, juu ya lami ya Taru na Maungu saa saba mchana. Joto halina pa kwenda. Breki nazo zinakaa ndani ya rimu ndogo. Nikikagua lobedi ya kukodi naanza na matairi, naangalia tarehe yaliyotengenezwa ubavuni na nyufa, na nauliza spea ziko ngapi. Mwenye lobedi akiniambia spea ni moja, siichukui kwa safari ya kupita Voi.

Uzito ni hadithi pana zaidi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mbele ya lobedi kuna bamba: tani 60. Mteja ana tingatinga la Caterpillar D8, karibu tani 38. Anatoa 38 kwenye 60, anaona nafasi tele. Bamba hilo linasema chuma kinaweza kubeba nini. Barabara ina sheria yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaipa ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye matairi pacha tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Gari zima lisizidi tani 56, nalo liwe na ekseli saba. Kichwa cha ekseli tatu kikivuta lobedi ya ekseli tatu: 8, na 18, na 24. Jumla tani 50. Kichwa chenyewe kina tani 9 au 10. Lobedi ina 12 au zaidi, kwa kuwa chuma kilichoinama shingoni, pale mbele linaposhikana na kichwa, lazima kiwe kinene. Zinakubakia kama tani 28 za mzigo. PC200 inaingia kwa raha. D8 haiingii, hata bamba liseme tani mia.

Kwa D8 unahitaji ekseli zaidi na kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya, kikieleza njia, tarehe na magari ya kusindikiza, kwa sababu hata upana wa bledi yake, bamba la kusukumia udongo, unapita mstari wa barabara. Watu hunung'unika kuhusu kibali, hasa wanaposimamishwa mizani ya Mariakani wakiwa tayari wameshalipa kila kitu. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walipitisha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio. Walichogundua ni kwamba uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 haiongezi uharibifu kwa moja ya tano. Inauzidisha mara mbili na zaidi. Mabonde yale ya matairi yaliyochimbika kwenye lami kati ya Jomvu na Mazeras kabla haijatengenezwa upya yalichimbwa hivyo, na ndiyo yaliyokuwa yakiwayumbisha madereva wetu wenyewe.

Hata mzigo uliomo ndani ya sheria unaweza kukamatwa mizani kwa sababu umekaa pabaya. Kati ya kingpini, pini inayoshikanisha trela na kichwa, na katikati ya ekseli za nyuma kuna kama mita 10. Ukiisogeza mashine ya tani 20 mita moja mbele, umehamisha tani 2 kutoka ekseli za lobedi kwenda kwenye kichwa. Hesabu yenyewe ni hiyo tu: uzito mara umbali, gawanya kwa 10. Eskaveta inadanganya macho, maana mkono ni mrefu na mwepesi, na mwili uliobeba injini na uzito wa nyuma ni mfupi na mzito. Anayeiweka katikati kwa kuangalia urefu ameshakosea. Mimi humwomba dereva apige mstari wa chaki kwenye sakafu kabla mashine haijapanda, na mwendesha mashine asimamishe katikati ya nyayo za chuma pale. Na kingpini nayo itazame: kuna ya milimita 50 na ya milimita 90, na lobedi nzito huja na ile nene. Nimeona kichwa kikiletwa kutoka Nairobi kikiwa na sahani ya kushikia kingpini ya 50 kuvuta lobedi ya 90. Kilirudi kitupu.

Baada ya hapo huja swali la mashine itapandia wapi. Lobedi zetu nyingi shingo yake haing'oki, na mashine hupanda nyuma kwa rampu, juu ya magurudumu. Kwa eskaveta na tingatinga hiyo yatosha, mradi rampu zina mbao au vyuma vya kukamata, kwa kuwa chuma juu ya chuma kikilowa mvua ya masika kinateleza kama sabuni. Ile ambayo shingo yake hung'oka huweka sakafu chini zaidi, kati ya shingo na magurudumu, na mashine huingia kutoka mbele kwa mteremko mdogo. Kwa mashine ya kutandaza lami, au iliyokufa ambayo lazima ivutwe kwa winchi, sina trela bora. Lakini inataka ardhi ngumu na tambarare pande zote mbili za safari. Pale machimboni, morami ikishalowa, nimeona watu wakihangaika nusu siku shingo ikatae kurudi mahali pake kwa sababu sakafu imezama upande mmoja. Kwa hiyo mteja akiniomba ya shingo ya kung'oka, namwuliza kwanza mvua imenyesha lini huko aendako.

Wengi siku hizi wanakuja na ushauri waliousoma wa Marekani. Ni mzuri, nami nimejifunza mengi humo, ila una udongo wake. Majimbo mengi ya mashariki mwa nchi hiyo huruhusu kimo cha futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11, na yale ya magharibi mengi futi 14. Uzito wa kawaida kwenye barabara zao kuu ni pauni 80,000, karibu tani 36, kwa gari zima. Kwao kimo kinabana mapema, ndiyo maana wana trela la ngazi moja lenye sakafu ya mita moja na kidogo, na lobedi za sakafu ya sentimita 50 au 60. Sentimita 50 za sakafu kwenye njia zenye matuta kama zetu ni kutafuta kalvati ya pili.

Mzigo ninaouogopa kwa heshima kuliko yote ni transfoma kubwa ya umeme. Ni mzito, ni mrefu, na ndani yake kuna koili ambazo hazitaki kutikiswa. Husafirishwa bila mafuta yake, ndani ikiwa imejazwa hewa kavu au nitrojeni, na ubavuni imefungwa kifaa kinachoandika kila mshtuko tangu kiwandani. Ikifika na kuonyesha pigo kali, mhandisi anaweza kukataa kuipokea, na hapo tunazungumzia miezi ya kusubiri na mtaa mzima gizani. Kwa mzigo huo siangalii tena lobedi ya springi. Natafuta trela la haidroliki lenye misururu mingi ya ekseli, kama yale ya Goldhofer, ambayo kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, sakafu ikabaki sawa huku barabara ikipinda chini yake. Kukodi ni ghali mno. Niliwahi kutembea kwa miguu mbele ya transfoma moja kutoka Kipevu hadi tulipoiacha Changamwe, kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni, na taniboi, msaidizi wa dereva, akiwa juu na kijiti cha mbao kikavu tayari kwa nyaya zilizokwishazimwa. Kile kifaa hakikuandika chochote njia nzima.

Kuhusu kufunga nitasema kidogo, maana madereva wazuri wanajua. Mashine yenye nyayo za chuma ifungwe kwa cheni sehemu nne zisizopungua, na mkono wake uwe na cheni yake peke yake. Kipimo kinachotumika Ulaya ni kwamba mfungo uweze kuhimili mbele asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Kwa PC200 hiyo ni tani 16 zinazotaka kuingia ndani ya kabini siku breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Mkanda wa kitambaa usiutumie kwa chuma chenye kona kali. Umekatika mbele yangu.

Baba alistaafu, yuko Rabai na minazi yake. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumweleza safari ya Ijumaa: tingatinga dogo, tani 20 na ushei, kwenda shamba moja upande wa Kwale kwa njia ya Dongo Kundu. Lobedi ya ekseli tatu, tumbo sentimita 42, spea tatu. Hakuuliza kimo. Jumatatu nilikwenda mwenyewe na kijana wa ofisini, tukaivuta kamba kutoka lami hadi lango la shamba. Iligusa mahali pamoja, penye mfereji wa maji, kwa upana wa vidole vinne. Mwenye shamba ameahidi kumwaga morami pande zote mbili na kuishindilia. Alhamisi nitarudi na kamba yangu.